Je, Kuzima Faili la Kurasa Kunaongeza Kasi ya Kompyuta?

SWALI: Kompyuta yangu ya mkononi ina RAM ya gigabaiti 8 na inatumia Windows 11. Fundi amenishauri nizime faili liitwalo pagefile.sys, akidai kwamba kompyuta itaacha kuhangaika na diski na itafanya kazi kwa kasi zaidi. Je, nifuate ushauri huo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usiufuate. Ni kweli kwamba kompyuta inayosoma na kuandika faili hilo mfululizo huwa nzito, hasa ikiwa na diski ya kuzunguka, lakini uzito huo hutokana na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kujaa, na kuliondoa faili hakuongezi RAM hata kidogo.

Windows huigawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4. Kurasa zenye data ambayo programu haijaigusa kwa muda mrefu huhamishiwa katika pagefile.sys, yaani faili la kurasa lililo diskini, ili nafasi ipatikane kwa kazi unayoifanya wakati huo. Ukilizima, kurasa hizo zitabaki katika RAM hata kama hazitumiki, na RAM ikibana, Windows italazimika kutupa kurasa za programu zenyewe na kuzisoma upya kutoka diskini kila zinapohitajika. Diski uliyotaka kuipumzisha inaweza basi kuzidi kufanya kazi.

Athari iliyo mbaya zaidi haihusu kasi. Programu inapoomba kumbukumbu, Windows huiahidi kiasi chote ilichoomba, ingawa huenda ikatumia sehemu ndogo tu, na jumla ya ahadi hizo haiwezi kuzidi RAM pamoja na faili la kurasa. Bila faili hilo, ukomo wako utakuwa pungufu kidogo ya gigabaiti 8, na kivinjari kinaweza kujifunga ghafla wakati RAM bado ina nafasi, pamoja na kazi ambayo hukuihifadhi.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya Performance, kisha Memory, utazame tarakimu mbili zilizo chini ya neno Committed: ya kwanza ni ahadi zilizokwisha kutolewa, ya pili ni ukomo. Ya kwanza ikikaribia ya pili mara kwa mara, fedha yako itumie kununua RAM. Mwenye gigabaiti 32 anaweza kulizima faili asione tatizo, lakini kwa kawaida hatapata kasi yoyote ya kujivunia.

Kama umekwisha kulizima, rudi kwenye mipangilio ileile uliyotumia kulizima, uchague Windows ipange ukubwa wa faili yenyewe, kisha uwashe kompyuta upya.