Mwalimu ana siri na binti yangu, mume wangu anamtetea

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 15. Tangu muhula uliopita anaenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha shuleni. Nilipomuuliza mwalimu wanazungumza nini, alinijibu kuwa ni siri ya mtoto. Siri gani nifichwe mimi niliyemzaa? Mume wangu naye ananiambia nimwache. Nyumbani hakosi kitu. Ila tangu ndugu yangu aje kukaa nasi, mtoto ameingia kiburi: anakula chumbani na mlango anatia komeo. Zamani alikuwa akiniambia kila kitu, mpaka nilipogusia mambo yake kidogo tu kwenye chama ndipo akaninunia. Nataka kumwona mwalimu mkuu nimtoe kwenye huo ushauri. — Mama, Kisauni, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Inauma kuambiwa "ni siri" juu ya mtoto uliyembeba tumboni. Pole. Lakini barua yako imesema mengi kuliko ulivyokusudia.

Tuanze na hiyo "kidogo tu" ya kwenye chama. Msichana alikupa la moyoni, wewe ukalimwaga mbele ya wanawake, nawe wajua neno la Kisauni halichelewi kuvuka Kongowea. Hapo ndipo alipokufungia mdomo. Mficha uchi hazai, na mwanao amempata wa kumfunulia. Mshukuru mwalimu huyo.

Na mumeo yuko sawa. Siku hizi mume akisema neno tofauti na la mkewe, basi "hayuko upande wangu," na mke naye vivyo hivyo. Nyumba inagawanyika kambi mbili na mtoto anabaki katikati bila wa kumkimbilia. Huyo bwana kamwangalia mtoto kabla ya kukuangalia wewe. Usimnunie kwa hilo.

Siri ya mshauri ina mpaka. Mambo ya mvulana, ya masomo, hata ya kukukasirikia wewe, hayo hubaki kwa mwalimu. Mtoto akisema anataka kujitoa uhai, au kuna mtu anamdhuru, au anapanga kumdhuru mwingine, mwalimu haruhusiwi kukaa nalo. Anayeijua kazi yake humweleza mtoto hivyo siku ya kwanza, kabla hajaanza kusema. Wala usidhani lazima wewe ndiye uambiwe kwanza: hatari ikiwa nyumbani, habari huenda kwa afisa wa watoto. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, yasema maslahi ya mtoto ndiyo makuu katika kila jambo linalomhusu. Ya mtoto, si ya mama wala ya mjomba.

Sasa turudi kwenye maneno uliyoyapita mbio. "Tangu ndugu yangu aje." Msichana hatii komeo katika nyumba aliyokulia kwa sababu ya kiburi tu. Simhukumu nduguyo, sikuwapo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umeyaandika mwenyewe halafu ukakimbilia kumlaumu mwalimu. Ukimtoa mtoto kwenye ushauri sasa, utakuwa umemnyang'anya mtu pekee anayemsikiliza.

Kwa mwalimu mkuu usiende. Nduguyo atafutiwe pa kulala kwingine kuanzia leo, bila maelezo marefu, na usimuulize lolote kwanza. Kisha wewe na mumeo mwendeeni mwalimu kwa swali moja: mtoto wetu yuko salama nyumbani? Kwa binti yako, muombe radhi kwa yale ya chama, umwambie kwamba lolote atakalosema utamwamini. Halafu nyamaza. Asiposema leo, usimkamue.

Akisema ameguswa, na ni jambo la juzi, asioge na nguo zisifuliwe. Mkimbize hospitali kuu ya Makadara, kwani dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, kisha nendeni dawati la jinsia polisi. Ukihisi huna wa kumuuliza, piga 116, simu ya watoto, ni bure usiku na mchana. Na akitokea mtu wa kuitisha kikao cha ukoo ili mambo yaishie kwa fidia, hata akiwa mama yako mzazi, usihudhurie.