Jibu: Mdomo wa katuni unaachwa nyuma na sauti

Habari mkuu. Umesema mdomo unaanza sawa na sauti, ila kufikia sekunde ya 30 umechelewa waziwazi, na Rhubarb (programu inayosikiliza sauti na kuchagua maumbo ya mdomo) inakupa maumbo ya ovyo kwa Kiswahili.

Kuchelewa kunakoongezeka kidogo kidogo ni suala la fremu (idadi ya picha zinazopita kila sekunde), si la mchoro. Angalia hilo kwanza. Maumbo yakipangwa kwa fremu 25 kwa sekunde na mradi uko 24, sekunde ya 30 mdomo umechelewa sekunde 1 na robo. Linganisha namba hizo, kisha toa maumbo upya. Kuvuta funguo (alama za pale umbo linapobadilika) kwa mkono ni kazi bure.

Kuhusu maumbo: usipobadilisha kitu, Rhubarb husikiliza Kiingereza. Iendeshe na chaguo la -r phonetic, linalofuata sauti zenyewe badala ya maneno ya Kiingereza.

Bado utarekebisha kwa mkono. Kwenye m, b, p na mb midomo ifungwe kabisa (umbo A la Rhubarb), walau fremu 2, hata kama unaiba muda wa irabu. Hapo ndipo mtazamaji hugundua kosa. “Nimemwambia” ikisemwa haraka, usichore kila silabi. Mwisho, tanguliza mdomo fremu 1 au 2 kabla ya sauti.