Mume Kulala Si Kukosa Imani

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto wawili. Tangu mwaka jana sipati usingizi, moyo unaenda mbio nikiwaza ada na marejesho. Nafunga, kila Ijumaa nipo mkesha, na nyumbani naamka saa tisa usiku kuomba. Mume wangu anatoka alfajiri kazini, akirudi analala fofofo, tena anataka nipunguze mikesha. Naona hana imani. Nimwombeeje abadilike? – Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole, kukosa usingizi kunatesa.

Sasa niambie, marejesho ya nini? Ada umeieleza, mikesha umeitaja, mume umemsema, marejesho umeyapita mbiombio. Mimi nasema umekopa, pengine kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na baba watoto hajui. Mficha uchi hazai.

Mumeo namtetea. Katika Marko 4 Yesu alilala kwenye shetri, yaani nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, mawimbi yakiingia chomboni. Waliokuwa macho ndio walioambiwa hawana imani, tena walimwamsha kwa lawama hiyohiyo unayompa mwenzio: si kitu kwako kuwa tunaangamia? Anayetoka alfajiri kutafuta ada unataka akeshe pia? Ndoa za siku hizi bwana! Kikundi cha maombi kinajua shida yote, mwenye nyumba anaisikia mwisho.

Na hayo maombi ya saa tisa yanakuchosha kwa sababu unalisimulia deni upya, linakua, unasema amina, unarudi nalo kitandani. Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi (4:6) wasali, waombe, washukuru, haja zao zijulikane na Mungu. Haja ina jina na kiasi. Hezekia alipotishwa kwa barua ya Waashuru aliikunjua mbele za Bwana (2 Wafalme 19). Nawe fanya hivyo na mkataba wako, saa mbili usiku, mezani. Andika ulichokopa, riba, ulicholipa, kilichobaki na tarehe. Chini yake gawa ukurasa: upande huu ya kufanya kesho, upande ule yaliyokushinda. Hayo yaliyokushinda yaombee moja moja kwa jina, mara moja tu, shukuru kwa jambo moja la leo, funga daftari. Wazo likirudi usiku, sema “Bwana, lile nimeshakukabidhi,” usianze hesabu upya. Litarudi, hasa wiki za mwanzo. Likabidhi tena.

Mikesha isimamishe mwezi mzima, na kufunga pia. Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, Eliya akala, akalala tena. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Simu ichajiwe sebuleni. Ukikaa kama dakika 20 macho makavu, toka kitandani, keti kwenye mwanga hafifu usome Zaburi 13, ni aya sita tu na inaanza kwa kulalamika, urudi ukisinzia. Moyo kwenda mbio kunaweza pia kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo, kwa hiyo nenda hospitali ukapimwe, na ueleze habari ya usingizi. Ukianza kuwaza kufa, nenda siku hiyohiyo. Luka alikuwa tabibu na Injili aliandika.

Jumamosi, watoto wakishalala na baba ameshakula, mpe mkataba mkononi asome mwenyewe. Usianze na “shetani alinipitia”. Taja madeni yote, maana la pili likija kugundulika mwezi ujao hatakuamini tena. Atafoka, mwache afoke. Kisha angalieni kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, mwende ofisini kwake wote wawili kabla hujakosa rejesho, mkaombe muda mrefu zaidi, na watakachokubali wakiandike na kutia saini.