Milango ya mninga uliyoitilia shaka: DNA inapima, ila anza na wembe

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupima DNA milango uliyochongewa Keko, maana fundi anasema ni mninga na wewe unahisi ni mwembe uliopakwa rangi. Kupima kunawezekana, ila mbao kavu iliyokwishapigwa vanishi ni sampuli mbaya sana.

Niliwahi kumsaidia mwanafunzi wa uzamili kukusanya vipande kwenye magodauni ya mbao Buguruni. Tulipata 12. Maabara alianza kwa kukwangua uso wa nje, kwa sababu msumeno mmoja unapasua miti ya kila aina na vumbi lote linagandia hapo. Vipande vyenye weupe wa pembeni vilitoa majibu. Vya kiini chekundu, yaani mbao ya katikati ya mti, kimoja tu. Seli za kiini hufa mti ukiwa bado umesimama, DNA yake inakatikakatika, halafu kemikali za humo, zikiwemo zinazoleta ule wekundu tunaoulipia, zinazuia hatua ya kuinakilisha. Ukaushaji wa joto kali ndio unamalizia kabisa.

Hata DNA ikipatikana, lazima ilinganishwe na sampuli ya mti unaojulikana kwa uhakika. Sehemu za DNA zinazosomwa sana, rbcL na matK, mara nyingi zinaishia kwenye jenasi (kundi la miti iliyo ndugu wa karibu) bila kutaja mti wenyewe, na mninga na mkurungu wote ni wa jenasi moja, Pterocarpus. Kwa anayesafirisha mbao nje ya nchi, kujua ni mti upi ni kesi nzito: mkurungu uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) mwaka 2019, na 2022 zikafuata Pterocarpus nyingine za Afrika pamoja na mkongo. Wewe una milango minne tu.

Kwa hiyo ng'oa mlango mmoja kwenye bawaba, uulaze. Chini kule mafundi wengi hawapaki vanishi. Kata utando mwembamba kwa wembe mpya, lowesha kidogo, angalia kwa lenzi ya kukuza mara 10 (ile ya masonara inatosha). Kwenye ubavu wa mbao, siyo kichwani, mninga una vistari vyembamba vilivyopangana kama mawimbi ya mchanga ufukweni maji yakitoka. Mwembe hauna. Jaribu pande mbili tatu, kwa sababu vinategemea mbao ilivyopasuliwa. Ukivikosa kote, mpelekee fundi huo utando na lenzi, aangalie mwenyewe. Na ile laki tatu ya salio uliyosema hujamlipa, ikae kwako kwanza.