Kisahani cha kuitia bata mzinga kinapiga mluzi: nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Missouri, Marekani, na jirani amenialika tuwinde bata mzinga msimu wa machipuko. Amenipa kisahani cha sleti, yaani jiwe bapa, na kijiti chake cha mbao, vya kuiga mlio wa jike ili dume aje. Nikisugua, mara kinapiga mluzi, mara hakitoi sauti kabisa. Wiki ya pili sasa, na mke wangu ameshanihamishia gereji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mkeo msamehe, mimi nilijifunzia ndani ya gari.

Kabla hujaulaumu mkono, tazama uso wa sleti. Mlio unatokana na kijiti kunasa na kuachia, kunasa na kuachia, upesi upesi, vilevile chaki inavyolia ubaoni. Sleti ikishalainika, au ikipata mafuta ya vidole, kijiti hakina pa kunasa. Chukua msasa laini, au ile sponji ngumu ya kijani ya kuoshea masufuria, uisugue kwa kufuata mstari mmoja tu mpaka ung'avu uondoke. Vumbi lipulize; usilifute kwa kiganja, utarudisha mafuta yaleyale. Kisha kigeuze kisahani ili kijiti kipite kwa kukatiza ile mikwaruzo. Ncha ya kijiti nayo ipitishe msasani kidogo, ila ibaki mviringo. Chaki usipake, hiyo ni ya wanaoitia ndege kwa kisanduku cha mbao.

Sasa kipindue. Unayaona matundu chini? Sauti inatokea huko, na ukikilaza kisahani kiganjani umeiziba ngoma mdomo. Nadhani ndiyo sababu ya huo ububu wako. Kishike pembeni kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kikombe cha kahawa chungu kisicho na mkono. Kijiti kishike kama kalamu, karibu na ncha, kikiwa kimeinama kidogo. Mluzi ukija, badilisha pembe ya kijiti na uongeze mkandamizo kidogo kidogo mpaka sauti ikwaruze.

Anza na mlio wa kawaida wa jike. Chora duara dogo lililobanwa, lisizidi sarafu ya senti kumi ya huko Marekani, kama sentimeta mbili kutoka ukingoni. Sauti ianze juu nyembamba, kisha ivunjike ishuke: kii-ok, kii-ok, kii-ok. Kijiti kisinyanyuke hata kidogo kati ya mlio na mlio. Wanafunzi wangu wengi hukosea hapo. Ukisogea ukingoni sauti inapanda, ukienda katikati inakuwa nzito kama ya jike mkubwa. Kila kisahani kina mahali pake patamu. Ukipapata, weka alama ya penseli ubavuni.

Mlio wa mkato, ule wa "tok" moja, unakandamiza kijiti halafu unakivuta ghafla, nusu sentimeta tu. Mkoromo wa jike anayekula kwa amani ni kukiburuta taratibu bila nguvu, uzito wa kijiti wenyewe unatosha. Mimi nikiambiwa nichague miwili kati ya mitatu, nachukua huu mkoromo na mkato.

Sababu ni tabia ya ndege mwenyewe. Kwa kawaida dume hunguruma, na jike ndiye amfuate. Wewe unamtaka afanye kinyume. Ukimwita kila dakika anaamini jike yuko njiani anakuja, kwa hiyo anasimama mbali na risasi yako, anatandaza mkia na kungoja. Piga mara tano au sita, kisha nyamaza robo saa. Ndipo wasiwasi unapomshika akaja kutafuta.

Asubuhi ya mvua sleti haitakufaa, kwani ikilowa hainasi. Beba kisahani cha kioo na kijiti cha plastiki ngumu.

Na jambo hili usilichukulie kimzaha: ukilia kama jike, wawindaji wengine pia wanakusikia. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, maana ndizo rangi za kichwa cha dume. Ukimwona mtu, mwite kwa sauti ya binadamu, usimpungie mkono. Ukisikia jike analia kichakani, usimnyemelee. Huenda ni mwenzako mwenye kisahani.

Kuhusu gereji: kuta zake zinarudisha mwangwi, kila mtu humo husikika fundi. Toka nje, mwache mkeo au simu inayorekodi kama mita 50 kutoka ulipo, halafu usikilize. Mimi rekodi yangu ya kwanza ilisikika kama bawaba ya mlango.