Kiporo Kilicholala Mezani na Chakula Kinachotupwa Kila Wiki

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nyumbani kwetu tuko watu wanne, na karibu kila wiki natupa wali uliobaki, mboga za majani zilizonyauka na matunda yaliyooza kabla hayajaguswa. Jambo hili linaniuma sana. Mume wangu anasema kiporo kikichemshwa vizuri hakina madhara, hata kama kililala mezani usiku kucha. Je, ni kweli? Na nianzie wapi kupunguza hasara hii?

JIBU: Dada msomaji, hauko peke yako. Ripoti ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 zilitupwa duniani tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani, si madukani wala migahawani.

Nitaanza na kiporo, kwa kuwa hilo linagusa afya yenu. Si kweli kwamba kuchemsha huondoa kila madhara. Katika wali huweza kuwamo bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili moto wa kupikia. Wali ukiachwa nje kwa muda mrefu, mbegu hizo huchipua, bakteria huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiki hata wali ukipashwa moto tena. Sumu hiyo haina lazima ya kunuka, kwa hiyo pua isiwe kipimo. Wali uliolala mezani utupwe bila kujilaumu. Unaotaka kuuhifadhi uutandaze katika vyombo vya kina kifupi ili upoe upesi, uuweke kwenye jokofu lenye baridi isiyozidi nyuzi 5 za Selsiasi kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive, kisha uliwe kesho yake, ukipashwa mara moja tu hadi katikati pawe moto kabisa. Kama jokofu halipo, kinga ya kweli ni kupika kinachotosha mlo mmoja.

Hapo ndipo chanzo cha hasara nyingi kilipo: kipimo. Pima mchele kwa kikombe kilekile kila siku, si kwa kukadiria kwa macho, na upunguze kidogo kila unapoona sufuria inabaki na wali. Pakua kidogo, anayetaka aongezwe, kwa sababu kilichobaki sufuriani huhifadhika ilhali kilichokwisha kuliwa nusu sahanini hakifai kuwekwa.

Kuhusu mboga na matunda, nashuku kwamba unaviweka pamoja. Ndizi, tufaha, parachichi na nyanya zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha kuiva kwa matunda ya jirani na kuyafanya majani yawe ya njano. Vitenganishe. Majani yafutwe maji, yafungwe kwa kitambaa safi kikavu na kuwekwa sehemu ya baridi, huku matunda yaliyoiva yakiwekwa mbele ya macho ili yaliwe kwanza.

Kabla ya kununua vingine, andika kwa wiki mbili kila unachotupa na sababu yake. Aliyepika kingi na aliyesahau kilichokuwa nyuma ya jokofu hawana tatizo moja, na karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha lipi ni lako.