Ufito wa makrame umepinda

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimesuka pambo la ukutani la makrame (ususi wa mafundo ya kamba) kwa kamba ya katani, upana mita 1. Ufito unaolishikilia umepinda katikati kama upinde. Nifanyeje?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Katani ni nzito, huo ufito mwembamba hauiwezi. Kwa upana huo mimi hutumia mpini wa fagio. Dukani uviringishe sakafuni kwanza. Ukirukaruka, uache, umepinda. Nyumbani upige msasa kufuata nyuzi za mbao, hasa nchani, maana vibanzi hunasa katani na kuichambua uzi mmoja mmoja. Pambo langu la kwanza liliharibika hivyo, na liliniuma sana. Ila usifumue kazi yako! Legeza vitanzi vya juu, kisha ingiza mpini huku ukichomoa ufito, ncha kwa ncha, taratibu.